Pindo la Kifungu cha Thelathini na Moja

Kissa alisubiri dakika kumi kamili. Hilo halina ubishi, saa yake ya mkononi ilirekodi, na isitoshe Kissa Mwasomola ni yule mtu anayesoma maelekezo ya nyuma ya pakiti ya tambi kabla hajainjika maji. Alifunga valvu kuu ya kisima cha mvuke namba nne, akatandaza kitabu juu ya bomba, akasoma kifungu cha thelathini na moja kwa sauti kama mafundi wote wanavyofundishwa: "Funga valvu kuu. Subiri dakika kumi. Geji ikisoma sifuri, fungua koki ya hewa." Akasubiri. Geji ikasoma sifuri. Akafungua.

Hewa haikutoka. Yalitoka maji yanayochemka, kwa hasira ya kitu kilichofungiwa, yakamkuta mkono wa kulia kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko.

Ilikuwa saa nne asubuhi, na mvua ya Rungwe ilikuwa inanyesha ile isiyojua kuaga. Tusekile alikuwa kantini, kakunja miguu juu ya benchi, anamsimulia mpishi jinsi keki ya harusi ya binamu yake ilivyodondoka mbele ya wakwe. Mdomo haufungi, mikono inaruka. Mara mlango ukasukumwa.

"Kissa kaungua! Maji ya baridi, jamani, Kissa kaungua!"

Mpishi akatupa mwiko. Mmoja akauliza, "Kaungua wapi?" Mwingine, "Yu hai?" Na Tusekile, ambaye miaka minne alikuwa anakula na Kissa sahani moja, alifungua mdomo, kikatoka hiki:

"Kisima gani?"

Kwenye zile kelele hakuna aliyemsikia. Yeye alijisikia. Na aliyeleta habari alipopita mbio na ndoo akisema namba nne, namba nne, Tusekile alikaa chini polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa analingoja kwa miezi minane.

*

Sasa, ukiingia ofisini kwa Tusekile mara ya kwanza ungedhani umepotea umeingia kwa dobi. Kamba zimevutwa ukuta hadi ukuta, na juu ya kamba vimeanikwa vitabu. Karatasi iliwashinda pale kituoni zamani sana, mvuke unailowesha kabla hujafika ukurasa wa pili, na vioo vya kusomea navyo vilikuwa vinapasuka. Kwa hiyo vitabu vyote vya kazi ni vitambaa, vyepesi kama khanga, na maandishi yanatokea humo kana kwamba yamefumwa sasa hivi. Fundi anajifunga chake kiunoni, huyo, kisimani.

Na kila kitambaa kina pindo. Hapo ndipo penyewe.

Enzi za mabibi, timu ilikuwa inabishania sehemu moja na kitabu kinaandikwa sehemu nyingine. Watu wanagombana wiki nzima kwenye simu bolti ikazwe hivi au vile, wanatoleana mpaka siri za nyumbani, halafu kitabuni inabaki sentensi moja kavu: kaza bolti. Sababu imekwenda na maji. Anakuja fundi mgeni anajiuliza kwa nini, hamna wa kumjibu, anafanya anavyoona, kesho mnachimba kaburi. Ndio likatengenezwa pindo. Ukiwa na neno juu ya kifungu, unashika pindo pembeni yake unasema, na maneno yako yanashonwa pale pale kwa sauti yako, na kikohozi chako humo humo. Sentensi ikihamia ukurasa mwingine, maneno yanahama nayo kama kupe na ng'ombe wake. Ubishi ukiwa bado, pindo linawaka rangi ya chungwa. Na hakuna bosi wa kulizima. Mpaka yule yule aliyeanzisha ubishi aseme kwa kinywa chake: nimeridhika. Hapo maneno yanakunjwa ndani, pindo linageuka jeupe, na kitabu kinaitwa kisafi.

Kazi ya Tusekile ilikuwa kutunza mapindo. Alitoka chuo akiwa na miaka ishirini na mbili, na aliipenda kazi ile kupita kiasi, maana nani asingependa kulipwa kusikiliza watu wazima wakigombana? Na aliyegombana kuliko wote alikuwa fundi mkuu wa visima, Mzee Ambakisye Mwakalukwa. Mfupi, kofia ya sufi, mfukoni karanga muda wote. Ndiye aliyemfundisha kutofautisha mlio wa pampu nzima na pampu inayodanganya.

Kwenye kifungu cha thelathini na moja, Mzee Ambakisye alikuwa amesema hivi: "Dakika kumi za wapi? Hizo za kiangazi. Masika ukungu ukishuka, bomba linapoa, mvuke unageuka maji, unajificha kwenye kona kule chini. Geji iko juu, haioni kitu. Arobaini! Na ugonge bomba kwa spana usikilize. Likilia wazi, fungua. Likilia zito kama chungu cha maharage, kaa chini, usiwe na haraka ya kufa."

Injinia Veneranda Kimaryo, mkuu wa kituo, akamjibu humo humo pindoni: "Mzee, siwezi kuandika 'gonga usikilize' kwenye kitabu kinachokwenda Mamlaka. Niletee vipimo."

"Vipimo ni masikio yangu."

"Masikio yako yanastaafu mwezi ujao."

"Basi andika kabla hayajaondoka!"

Pindo likabaki linawaka. Ilikuwa Alhamisi, na Mamlaka, wanaotoa vibali vya visima, walitaka kitabu Ijumaa saa sita mchana, kisafi, vinginevyo kisima namba nne kisifunguliwe msimu ule. Mzee Ambakisye alikuwa ameondoka jana yake kwenda Kyela kumzika shemeji yake. Injinia Veneranda alipita mlangoni kwa Tusekile, mwavuli mkononi.

"Tuse, kesho kisafi. Unanielewa?"

"Kifungu cha thelathini na moja bado, Injinia."

"Mpigie."

"Yuko msibani."

Injinia akatazama mvua, akavuta pumzi. "Basi utaona utakavyofanya," akasema, akaenda zake.

Na Tusekile akaona. Kulikuwa na kifungu cha kumi na mbili, cha rangi ya mkanda wa kufunga kwenye mikono ya valvu. Mzee alikigombania wiki mbili, njano au nyekundu, mpaka Jumanne akachoka akasema, karanga mdomoni, "Haya bwana, nimeridhika, funga." Tusekile alikishika kifungu cha kumi na mbili, akakiunganisha na cha thelathini na moja vikawa kifungu kimoja. Kazi ya kila siku hiyo, kama kuchambua mchele. Maneno ya vyote viwili yakajipanga kwa tarehe, na la mwisho kwenye foleni likawa "nimeridhika." Pindo halijui mkanda wala mvuke. Lilisikia sauti ya mwenye ubishi imeridhika, likageuka jeupe. Kisha akavitenganisha vifungu, kila kimoja mahali pake na maneno yake, ila "nimeridhika" ikabaki kote kuwili.

Dakika tatu tu, jamani. Hata chai yake haikupoa.

Alijiambia ni ya siku nne. Mzee akirudi atamwambia, atafungua upya, watacheka. Mtu yuko kwenye matanga utampigia simu ya koki? Si adabu. Aling'ang'ania hiyo adabu kama mtu anavyong'ang'ania mwavuli uliotoboka.

Mzee alirudi Jumatatu na kifurushi cha mchele wa Kyela, ule ukiupika jirani anabisha hodi. "Wako huu, we binti. Bila wewe pale ofisini wale wangeshanifuta." Tusekile akasema asante, Mzee. Akaupika. Ukanukia. Mwezi ukaisha, Mzee akastaafu, wakamfanyia sherehe wakacheza mpaka benchi likavunjika, na Tusekile ndiye aliyecheza kuliko wote.

Halafu masika yakaingia.

*

Hospitalini Tukuyu, mkono wa Kissa ulikuwa umefungwa na kulazwa juu ya mto kama mtoto mchanga. Tusekile alikuja na uji kwenye chupa na mdomo mzito, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea.

"Mbona umenyamaza hivyo, wewe?" Kissa akamtania. "Nimeungua mimi, ulimi umepotea kwako?"

"Nimechoka tu."

"Tuse, mwaya, nisomee kile kifungu."

"Pumzika kwanza."

"Nisomee. Nimekaa hapa siku mbili najiuliza niliruka nini."

Tusekile akasoma. Dakika kumi. Geji. Koki. Kissa alisikiliza amefumba macho, midomo inafuatisha, kisha akatikisa kichwa juu ya mto.

"Vyote nilifanya. Na pindo niliangalia, unajua? Lilikuwa jeupe. Lingekuwa linawaka ningesikiliza, haki ya Mungu. Mimi siruki pindo linalowaka."

"Najua."

"Basi nilikosea wapi?"

Kikombe cha uji kilikuwa kimejaa, na Tusekile alikuwa anaendelea kumimina. Ulimwagikia miguuni kwake, wa moto, na kwa sekunde mbili tatu hakusogeza mguu.

*

Mkaguzi wa Mamlaka, Bwana Chidawali, alikuja kutoka Dodoma na masweta mawili, akayavaa yote. Kikao kilifanyika kantini maana ndipo penye jiko. Mafundi wakajazana, Injinia Veneranda akakaa mwisho wa meza kanyooka kama mlingoti, na Mzee Ambakisye akaletwa na gari la kituo. Alikuwa amepungua kidogo mwilini, lakini kofia ile ile.

"Mnaishije kwenye baridi hii?" Mkaguzi akauliza, akisugua viganja.

"Tunabishana," Mzee akamjibu. "Inapasha moto."

Watu wakacheka. Ndio kilikuwa kicheko cha mwisho.

Mkaguzi alitandaza kitabu cha kisima namba nne mezani, akakunjua pindo la kifungu cha thelathini na moja. Sauti ya Mzee ikajaa kantini: dakika kumi za wapi, arobaini, gonga, chungu cha maharage. Mafundi wakaanza kutazamana, wengine wakanong'ona, si alisema, si unaona alisema. Halafu sauti ile ile, na karanga inasagwa katikati ya meno: "Haya bwana, nimeridhika, funga."

Mafundi wakageuka kumtazama Mzee.

"Ni sauti yako, Mzee?" Mkaguzi akauliza, kwa upole hasa.

"Yangu."

"Ulijua kwamba dakika kumi ni hatari, ukaridhia?"

Mzee Ambakisye aliinama akaweka sikio karibu na kitambaa, kama alivyokuwa akiweka kwenye mabomba. "Rudia." Wakarudia. "Rudia tena." Alivua kofia. Nywele zote nyeupe, wengi hawakuwahi kuziona.

"Mimi kichwani sina hiyo siku," akasema. "Nikitafuta, nakuta nimekataa. Nakuta nimekwenda Kyela nimekataa, nimerudi nimekataa, nikasikia kitabu kimepita, nikadhani Injinia amebadilisha kifungu. Lakini pindo halisemi uongo. Sisi ndio tuliosema humu ndani kwamba pindo halisemi uongo. Kama sauti yangu imeridhika, basi niliridhika." Akaikunja kofia mara mbili. "Marehemu baba alianza hivi hivi. Alianza kwa kusahau mazungumzo."

"Mzee, pole," Mkaguzi akasema. "Lakini utaratibu unaujua."

Wote waliujua. Sauti iliyoridhia kifungu kilichomuumiza mtu haiaminiki tena popote. Inaondolewa kwenye mapindo yote, ya visima vyote, kitabu hadi kitabu. Maneno ya Mzee Ambakisye yalikuwa mia tatu na sita, ya miaka thelathini na minane.

"Sasa ile ya pampu namba mbili?" fundi mmoja akaropoka. "Ile ya kutoifungua ukiwa na pete kidoleni? Ikifutwa nani atamwambia mgeni?"

"Itaandikwa upya, kwa vipimo."

"Na ni lini?"

Mkaguzi alitazama saa. Alisema wapumzike robo saa.

*

Mzee alimkuta Tusekile barazani, anatazama matone yakidondoka kwenye bati.

"We binti."

"Naam, Mzee."

"Nina swali moja, halafu nakuacha. Wewe ndiye ulikuwa unaona mapindo yote. Sitaki kubishana na Mkaguzi, nimezeeka. Nataka kujua tu nafsini mwangu." Alikuwa anamtazama usoni, na macho yake yalikuwa na woga, yale macho ambayo hayajawahi kuogopa bomba. "Nilisema lini? Nilikuwa nimesimama wapi? Nikumbushe kitu chochote, hata nguo niliyovaa. Nikipata kamba nitaivuta mwenyewe."

Kulikuwa na nafasi pale. Pana kama mlango. Wao wawili tu na mvua.

"Sikumbuki vizuri, Mzee," Tusekile akasema. "Siku nyingi."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Hata wewe," akasema, na jamani, alisema kwa namna ya kumfariji. "Basi si vibaya sana. Kama hata nyie vijana mnasahau."

Akampigapiga begani, akarudi ndani.

*

Sauti haifutwi bila kusikilizwa. Hiyo nayo ni sheria ya pindo. Kila neno lazima lisikike mara ya mwisho mbele ya mwenyewe, kisha mtunza mapindo anaweka kidole gumba na kulitoa. Na mtunza mapindo ni nani?

Vitambaa vikaletwa kutoka kwenye kamba, rundo juu ya meza. Tusekile akakaa. Mkaguzi kulia, Mzee mbele yake, kofia magotini. Wakaanza na kitabu cha kisima namba nne, kwa kuwa kiko wazi.

Kifungu cha tatu. "Nani kaandika upuuzi huu? Ngazi iwe upande wa upepo, mnataka watu wanywe mvuke kama mtindi?" Mafundi wakatabasamu wakitazama chini. Tusekile akaweka kidole. Sauti ikaisha. Pembeni ya kifungu cha tatu pakabaki kitambaa tu.

Kifungu cha saba. "Kwa anayesoma baada yangu: hii bolti ina kichaa, kaza nusu, nenda kanywe chai, rudi umalizie." Kidole. Kitambaa.

Alijua kinachofuata. Alishajua tangu barazani. Angeweza kuweka kidole kabla sauti haijamaliza, nani angeshangaa, mkono umeteleza. Lakini sheria ilikuwa ni kusikiliza, na Mkaguzi alikuwa anahesabu kwa kalamu.

Kifungu cha kumi na mbili. Njano, nyekundu, njano, nyekundu, kelele, Injinia analalamika. Halafu karanga inasagwa kati ya meno. "Haya bwana, nimeridhika, funga."

Mzee Ambakisye aliinua kichwa ghafla.

"Hiyo naikumbuka!" Alimgeukia Mkaguzi, kisha mafundi, uso umefunguka. "Hiyo naikumbuka kabisa! Mkanda wa valvu! Nilikuwa nimesimama pale kwenye kamba ya tatu, nimevaa buti moja, la pili lilikuwa linakauka, na huyu binti kanimalizia karanga zangu nusu nzima kwa kuziomba moja moja. Jumanne! Ilikuwa Jumanne!" Alicheka, akajigonga kichwani kwa kifundo cha kidole. "Si mnaona? Haijaisha yote. Mkanda naukumbuka. Basi ni hicho kimoja tu kimenitoka. Hicho kimoja."

Alifurahi kweli. Hakuusikia ule usagaji wa karanga kuwa ni ule ule, punje kwa punje, aliousikia muda si mrefu mara tatu kwenye kifungu cha thelathini na moja. Sikio lililojua bomba lenye maji kwa kuligonga lilikuwa limeshaamini kwamba halifai.

Kidole cha Tusekile kilikuwa juu ya pindo. Hakikushuka.

"Endelea," Mkaguzi akasema.

"Ni hiyo," Tusekile akasema.

"Ni hiyo nini?"

"Ile ya thelathini na moja. Ni hiyo hiyo. Hajawahi kuridhika, Mkaguzi. Aliridhika na mkanda." Sauti ilikuwa inamkimbia, mbio, kama kawaida yake akiwa na habari, ila safari hii kila neno lilikuwa linamchuna likitoka. "Nilivichanganya vifungu viwili, nikaichukua nimeridhika ya mkanda nikaipeleka kwenye koki. Halafu nikavitenganisha. Ilikuwa Alhamisi. Mzee alikuwa Kyela. Sikilizeni karanga. Zisikilizeni zote mbili, ni zile zile."

Mkaguzi aliigusa ya kwanza, ikasema, akaigusa ya pili. Akazigusa zote pamoja, na ikasikika sauti moja tu.

Mzee Ambakisye alivaa kofia. Alichukua muda mrefu kuivaa, akaiweka sawa pande zote.

"Pale barazani nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Nilikuuliza kama mtu anayeomba maji."

Tusekile akajifuta uso kwa mkono. Machozi yalikuwa yanashuka, na aliyaonea aibu, maana yalionekana kama yanaomba kitu.

"Kwa nini hukunipigia, siku ile?"

"Ulikuwa msibani."

"Kwani marehemu angekataa?" Mzee akafoka, na meza nzima ikashtuka. Ndiyo ilikuwa sauti yenyewe, ya miaka thelathini na minane. "Amekufa yeye, hana haraka! Ningetoka nje dakika moja nikakwambia hapana, nikarudi kulia!"

Injinia Veneranda alikuwa ametazama mikono yake muda wote. Akasogea, akashika pindo la kifungu cha thelathini na moja, akasema kwa sauti ya chini, pindo likamshona: "Kimaryo hapa. Nilitaka kitabu kisafi, na sikuuliza kimesafishwaje." Akarudi kukaa. Hakumtazama mtu.

"Na wewe sema," Mzee akamwambia Tusekile, akisukuma kitambaa mbele yake. "Usiniambie mimi. Mwambie atakayesoma."

Akashika pindo. Akasema. Jina lake, Alhamisi ile, alichofanya, msibani, mchele wa Kyela, baraza. Na Kissa: kwamba alisubiri dakika kumi kamili na hakukosea popote. Alipomaliza, pindo lote la kifungu lilikuwa linawaka chungwa, na Mkaguzi akauliza, kwa kuwa lazima aulize, kama mwenye ubishi ameridhika.

"Sijaridhika," Mzee Ambakisye akasema. "Acheni hivyo hivyo wazi."

*

Sheria ilimgeukia Tusekile, ilikuwa halali yake. Maneno yake yote yaliondolewa kwenye mapindo, ya miaka mitano, maswali yake ya kijinga ya mwezi wa kwanza, utani wake, masahihisho, mpaka ile siku aliyoimba. Lakini Mkaguzi alikwama kwenye kifungu cha thelathini na moja, akawaandikia Mamlaka, wakamjibu baada ya wiki mbili: hilo libaki. Kwa hiyo kituo kizima, kama ungetaka kumsikia Tusekile Mwaipopo, ungemsikia mahali pamoja tu, akisema hilo.

Funguo za chumba cha vitabu alimkabidhi mwingine. Hakufukuzwa, walimpeleka kwenye kikosi cha kuosha mabomba, ovaroli na brashi. Barua tatu alimpelekea Mzee, hazikujibiwa. Mara moja alituma mchele. Ulirudi.

Kissa alirejea kazini mwezi wa tano, ukungu bado haujaisha. Siku ya kwanza kisima namba nne Tusekile alikuwa pale, amechuchumaa upande wa pili wa bomba na brashi yake, na hakuna aliyemwambia Kissa. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ya kikao.

Kissa alifunga valvu kuu kwa mkono wa kushoto. Akafungua kitambaa kiunoni, akakitandaza. Kifungu cha thelathini na moja kilikuwa kinawaka, na Kissa haruki pindo linalowaka. Akaligusa. Ikatoka sauti ya Mzee, akatoka Injinia, kisha sauti ya Tusekile ikasema mambo yake juu ya bomba, kwenye mvua, na Tusekile mwenyewe akaisikiliza yote, brashi imesimama mkononi. Hakuinuka. Ilikuwa ndefu kuliko alivyokumbuka.

Ilipoisha, Kissa aliangalia saa. Akaweka arobaini. Akazunguka bomba, akamkuta.

Kisha akatoa spana mfukoni, akaishika kwa kushoto, akamnyooshea.

"Gonga," akasema. "Mkono wangu bado hauna nguvu."

Tusekile akaipokea. Akagonga mara moja, kwenye kona ya chini, pale pale Mzee alipomfundisha. Bomba likalia zito, kama chungu cha maharage.

Kissa akaketi juu ya jiwe. Baada ya kitambo Tusekile naye akaketi, mbali kidogo, spana magotini, wakaanza kusubiri.